Nani Alikutana na Nani? Historia ya Redio Mgongoni mwa Wanyama Wadogo

Najua nimepotea. Wengine wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Sijaacha na sijaoa. Niko nyumbani Longisa, nafanya kazi yangu ya programu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya nyanya yangu, umeme ukipenda. Kisa cha leo kilianzia kwenye shamba lake la viazi.

Asubuhi moja Gogo (ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, nyinyi wa pwani msicheke) alinionyesha mistari miwili ya viazi iliyonyauka ilhali mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Akashika shina moja, likang'oka kana kwamba lilikuwa limeegeshwa tu pale. Chini hapakuwa na kiazi hata kimoja. Palikuwa na shimo.

"Fuko," akasema, akatema mate.

Tukamwita mzee jirani ambaye amekuwa akitega fuko tangu mimi sijazaliwa. Alikuja na vijiti vyake na waya, akazunguka shamba lote akitazama vichuguu vya udongo, akafungua shimo hapa na lingine pale, kisha akaketi akangoja. Baadaye akatuambia: "Hapa wako watatu. Mmoja huku, mmoja chini ya mparachichi, mmoja karibu na ua. Hawatembeleani."

Nikamuuliza, mzee, umejuaje na wote wako chini ya ardhi?

"Ukifungua shimo la fuko, mwenyewe huja kuliziba. Nikifungua la huyu, ni huyu anayekuja. Yule mwingine hana habari, si nyumba yake."

Wataalamu wa wanyama wanakubaliana naye. Fuko wetu wa nyanda za juu, ambaye jina lake la kisayansi ni Tachyoryctes splendens, huishi kila mmoja peke yake katika mahandaki yake. Tofauti kabisa na yule fuko asiye na manyoya anayepatikana sehemu kavu za Kenya, ambaye Jennifer Jarvis alimweleza katika jarida la Science mwaka 1981: huyo huishi katika makundi yanayoweza kukaribia 300, na anayezaa ni malkia mmoja tu, kama nyuki. Wote wawili ni wachimbaji na wote wanaishi gizani, lakini mmoja ni mpweke na mwingine ana ufalme. Ukiwa juu ya ardhi huwezi kujua yupi ni yupi mpaka ujue nani anakutana na nani.

Swali hilo la nani anakutana na nani lina deni kwangu. Wacha nilisimulie kwanza, ndipo mtaelewa kwa nini nimetumia miezi kadhaa kusoma habari za popo na kunguru.

Mwaka 2021, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, nilipata kibarua cha kuandika programu kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Ulikuwa wakati wa korona. Kila mfanyakazi alipewa kadi yenye redio ya Bluetooth ya kuvaa shingoni. Kadi zikikaribiana, zinaandika. Mtu akiugua, kompyuta inatoa orodha ya wote waliokaa naye kwa dakika 15 ndani ya mita mbili, na hao wanarudishwa nyumbani.

Sasa, kadi haina rula ndani yake. Haijui mita mbili ni nini. Inachojua ni nguvu ya mawimbi yanayoifikia kutoka kwa kadi nyingine, na mtu fulani lazima aamue nguvu kiasi gani ihesabiwe kuwa ni kukutana. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikaweka kadi mbili mezani, mita mbili kati yao, nikasoma namba, nikaandika kwenye programu: desibeli hasi 75. Nilianza saa tatu asubuhi na kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza, nakunywa chai.

Wiki chache baadaye mama mmoja alirudishwa nyumbani siku 14 bila malipo kwa sababu kompyuta ilisema alikaa saa nzima na mgonjwa. Hawakuwa wamekaa pamoja hata dakika moja. Meza zao zilikuwa zimegusana ukuta wa mbao, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mawimbi ya redio hupenya mbao, ila virusi havipenyi. Na kuna kijana aliyekula chakula cha mchana na yule mgonjwa, bega kwa bega, siku mbili mfululizo. Huyo kompyuta haikumwona kabisa. Kadi ilikuwa imemchosha shingo, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaikalia.

Nilibadilisha namba kwenye programu. Siku 14 za yule mama hazikurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta watu waliojiuliza swali hili kabla yangu, na nimegundua kwamba wengi wao hawakuwa wakifuata watu. Walikuwa wakifuata wanyama, na kila walivyokwenda kwa wanyama wadogo zaidi ndivyo swali lilivyozidi kuwa gumu. Hii hapa historia yao kwa ufupi, na sehemu kubwa yake imepita hapa hapa Kenya.

Tuanze na uzito. Kabla ya transista kuvumbuliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, redio ilikuwa sanduku lenye taa za kioo ndani, na hakuna mnyama mdogo ambaye angeweza kuibeba. Transista ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1963 William Cochran na Rexford Lord wa Illinois walichapisha mpango wa redio ndogo ya kumvisha mnyama wa porini, na miongoni mwa wanyama wa kwanza kuvishwa walikuwa sungura. Redio yenyewe ilisema neno moja tu: pi, pi, pi. Mtafiti alitembea na antena mkononi, akaizungusha mpaka asikie mlio umepanda, akachora mstari kwenye ramani. Akaenda mahali pengine akachora mstari wa pili. Mistari ilipokatana, ndipo mnyama alipo.

Njia hiyo ilijibu swali la "yuko wapi". Swali la "yuko na nani" lilibaki pale pale. Ukitaka kujua kama sungura wawili wamekutana usiku, unahitaji watu wawili, antena mbili, bahati, na ramani isiyokosea hata hatua chache.

Na si kila mnyama alibeba. Kwa miaka mingi watafiti wamefuata kanuni ya kidole gumba kwamba mzigo usizidi takriban asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na wengi wanaoshughulika na ndege hutaka usizidi 3. Fanyeni hesabu. Mnyama wa kilo moja anabeba gramu 50. Mnyama wa gramu 60 anabeba gramu 3. Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina gramu 5. Kwa hiyo betri, antena, redio, saa, kumbukumbu na gundi, vyote pamoja, vinapaswa kuwa vyepesi kuliko karatasi niliyoandikia hesabu hii.

Mfano wa mnyama wa gramu 60 tunaye nyumbani. Ni sange mwekundu, kale kapanya kenye pua ndefu kama mkonga, ingawa si panya hata kidogo. Katika miaka ya 1970 Galen Rathbun, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda kuwachunguza hawa sange huko Kibwezi. Akawachunguza pia ndugu zao wakubwa, sange wenye matako ya rangi ya dhahabu na uzito wa takriban nusu kilo, katika msitu unaozunguka magofu ya Gedi, pwani. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1979. Chombo chake kikuu kilikuwa macho na subira. Aliwakamata, akawatia alama ili amjue kila mmoja, akawaachilia, kisha akawatazama miezi na miaka.

Alichokikuta kinafaa kila mwandishi wa programu akijue. Sange dume na jike huishi wawili wawili, katika eneo moja lenye mipaka, na hudumu hivyo kwa muda mrefu. Ni mke na mume kwa kila maana. Lakini hawaandamani. Kila mmoja hutafuta wadudu wake, na muda mwingi huwezi kuwaona pamoja. Utajuaje basi kwamba ni wenzi? Kwa mambo mengine. Wanatumia eneo lile lile, wanaachiana harufu, na akiingia mgeni, dume humfukuza dume na jike humfukuza jike.

Hebu wavisheni sange wale kadi zangu na desibeli zangu hasi 75. Kompyuta ingetoa ripoti safi kabisa kwamba dume na jike wa Gedi ni majirani wasiojuana. Na wale madume wawili waliokimbizana mpakani, wakakaribiana mara tatu kwa siku, ingewaandika kuwa marafiki.

Hatua iliyofuata ilikuja na kompyuta, na ilikuja Kenya. Januari 2004, mimi nikiwa mtoto wa shule nisiyejua kompyuta ni kitu gani, wahandisi na wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia kola katikati ya Kenya. Mradi uliitwa ZebraNet. Waliouongoza walikuwa Margaret Martonosi, mtu wa kompyuta, na Daniel Rubenstein, mtu wa wanyama. Ndani ya kila kola mlikuwa na GPS, kompyuta ndogo, redio, betri na vipande vya kunasa umeme wa jua.

Pundamilia si mnyama mdogo, lakini nimemleta kwa sababu ya wazo moja. Watafiti hawakutegemea minara ya simu, na kumfuata kila pundamilia kwa gari ni kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo kola zilipeana habari. Pundamilia wawili wakikutana, kola ya huyu inamnakilia yule kila ilichoandika, na yule naye vivyo hivyo. Baadaye mtafiti akimfikia pundamilia mmoja tu, anapata habari za wengi. Ni sawa na sisi tunavyompa dereva wa matatu kifurushi akifikishe Bomet, naye akampa mwenzake anayekwenda Kericho. Kukutana kwa wanyama kukawa ndiyo posta yenyewe.

Shida ilikuwa GPS. Kusikiliza setilaiti kunakula betri, na betri ndiyo uzito. Pundamilia anaweza kubeba kola nzito shingoni, lakini kwa kunguru au popo haiwezekani. Hapo ndipo watafiti wengine walipojiuliza swali zuri sana: kama ninachotaka kujua ni nani alikuwa na nani, kwa nini nimuulize mnyama yuko wapi? Tupa GPS. Acha redio mbili zisemezane zenyewe.

Hivyo vikazaliwa vihisi vya ukaribu. Kila kihisi hupaza namba yake kila baada ya muda mfupi, kwa sauti ndogo isiyofika mbali, na kusikiliza namba za wengine. Kikisikia, kinaandika: namba fulani, saa fulani, nguvu ya mawimbi kiasi fulani. Ugumu, niwaambie kama fundi, uko kwenye kusikiliza. Kupaza namba ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini masikio yaliyo wazi mchana kutwa humaliza betri. Ufundi mwingi wa miaka hii umekuwa ni kulifanya sikio lilale na liamke kwa wakati.

Mwaka 2012 kikundi cha Christian Rutz wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kilichapisha matokeo ya kutumia vihisi vya aina hiyo, vilivyoitwa Encounternet na kutengenezwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kwa kunguru wa New Caledonia katika Bahari ya Pasifiki. Kunguru hao ni maarufu kwa kutengeneza vijiti vya kuvulia wadudu, na watafiti walitaka kujua ni nani aliye karibu na nani kiasi cha kuweza kuigana ufundi. Hata hivyo makala yao niliyoipenda zaidi ni ya mwaka 2015. Ni makala nzima kuhusu namna ya kupima vihisi kabla ya kuviamini: mawimbi hubadilikaje mnyama akigeuka, akiwa juu ya mti, akiwa chini, antena ikielekea huku au kule. Waliifanya kuwa kazi kamili ya kisayansi, na wakaichapisha. Nilipoisoma nilikumbuka chai yangu ya saa nne.

Wajerumani wakaenda kwa wadogo zaidi. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg pamoja na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Berlin walitengeneza kihisi cha popo chenye uzito chini ya gramu 2, pamoja na betri. Hubandikwa mgongoni kwa gundi, na baada ya siku kadhaa hudondoka chenyewe. Simon Ripperger na Gerald Carter walivipeleka Panama, kwa popo wanaokula damu ya ng'ombe. Popo hawa hawawezi kukaa na njaa muda mrefu. Aliyekosa chakula usiku huu huombwa radhi na bahati yake na mwenzake, ambaye humtapikia damu mdomoni. Ni harambee ya aina yake.

Carter alikuwa amewafuga baadhi yao kwa karibu miaka miwili, akaandika nani alimlisha nani na nani alimsafisha nani manyoya. Kisha wakawarudisha 23 kwenye mti waliotoka, wakiwa na vihisi, pamoja na wengine 27 wa mti ule ule ambao hawakuwahi kufugwa. Swali: urafiki ule ulikuwa wa kweli au ni wa kufungiwa chumba kimoja? Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Wale waliosaidiana kizuizini waliendelea kukaribiana wakiwa huru.

Angalieni mpangilio wa kazi hiyo. Macho yalitangulia kihisi kwa karibu miaka miwili. Watafiti walijua tayari nani alimlisha nani, ndipo wakaiuliza redio.

Mwaka 2020, wakati sisi tumefungiwa nyumbani, Ripperger, Sebastian Stockmaier na Carter walichapisha kazi nyingine ya popo wa aina hiyo hiyo. Waliwavisha vihisi popo 31. Karibu nusu yao walidungwa dutu inayouamsha mwili kujikinga, kwa hiyo popo anajihisi mgonjwa bila kuwa na maambukizi. Wengine walidungwa maji ya chumvi. Kwa saa 6 za kwanza, popo aliyejihisi mgonjwa alikutana na wenzake wanne pungufu kwa wastani kuliko mzima. Hakuna serikali iliyowatangazia kafyu popo wale. Mgonjwa alipungukiwa nguvu, akatulia, na hilo peke yake likapunguza njia za ugonjwa kupita. Tena ilikuwa ni kwa muda tu: baada ya siku mbili tofauti ilikuwa imekwisha. Habari kama hizo huwezi kuzipata kwa kumtazama popo gizani ndani ya shina la mti. Hapo kihisi kilistahili kila gramu yake, na mimi si adui wa vihisi.

Turudi Kenya. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, kikundi cha Damien Farine na Danai Papageorgiou, akiwemo mtafiti Brendah Nyaguthii, kilifuata kanga, wale wenye kichwa kitupu kama cha tai na kifua cha buluu. Waliwavisha baadhi ya kanga katika kila kundi GPS zinazotumia jua. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalihusu zaidi ya kanga wazima 400 katika makundi 18, lenye wachache likiwa na 13 na kubwa zaidi 65. Kumbe makundi yale hayachanganyiki ovyo. Kila kundi lina wanachama wake, na makundi fulani huchagua kutembea na makundi fulani, kama koo zenye ujamaa. Jamii ya ngazi kwa ngazi namna hiyo ilizoeleka kuonekana kwa wanyama wenye ubongo mkubwa, tembo na binadamu kwa mfano, si kwa kanga. Lakini GPS haikufanya kazi peke yake. Kanga walivishwa pete za rangi miguuni, na watu walitembea asubuhi na jioni kuwasoma kwa macho, mmoja mmoja, nani yuko na kundi gani.

Na kuna kazi moja ya watu ambayo lazima niitaje, kwa sababu ndiyo niliyopaswa kuisoma mwaka 2021. Ilifanyika Kilifi na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wakiongozwa na Moses Kiti, ikachapishwa mwaka 2016. Watu 75 wa nyumba tano za kijijini walivaa vihisi kwa siku tatu ili ijulikane nani hukaa karibu na nani, maana ndiyo njia ya magonjwa ya kuambukiza. Vihisi vya aina hiyo hutumia udhaifu wa redio kama nguvu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji huyameza mawimbi hayo. Ukikivaa kifuani na kukifanya kiseme kwa sauti ndogo, kinasikika tu kwa mtu mnayetazamana kwa karibu, chini ya mita moja na nusu. Mwili ule ule uliomficha yule kijana aliyekalia kadi, wenzetu waliugeuza kuwa kipimo.

Tena kabla ya kugawa kihisi hata kimoja walikaa na wanajamii wakazungumza. Watu wakasema wazi kwamba wanaogopa siri zao, hasa jinsi wasiovaa watakavyowatazama wanaovaa. Maneno hayo yameandikwa katika makala yenyewe, kama matokeo. Mimi sikumuuliza mtu. Ningemuuliza yule mama dakika moja tu, angeniambia, kijana, huu ukuta ni wa mbao.

Basi nimejifunza nini? Kihisi hakijui urafiki, ndoa, ugonjwa wala uadui. Kinajua nguvu ya mawimbi na saa. Maneno mengine yote tunayatia sisi, na tunayatia kwa namba moja ndani ya programu ambayo hakuna anayeisoma. Watu wa kunguru, popo, kanga na Kilifi waliitafuta namba hiyo kwa jasho, kwa macho, kwa kuuliza. Sasa simu zetu zote zina Bluetooth, vihisi vinazidi kuwa rahisi, na kila mwezi naona tangazo la mfumo wa kuhesabu wafanyakazi au wanafunzi kwa ukaribu wao. Ukipewa kazi hiyo, ndugu yangu mwandishi wa programu, nenda kwanza ukaone kuta.

Mzee wetu wa fuko nilimweleza habari hizi zote, nikamwambia naweza kumtengenezea redio ya gramu chache. Fuko wa gramu 200 angebeba 10 bila shida. Akaniuliza kama hiyo redio inasikika chini ya udongo uliolowa. Nikakiri kwamba mawimbi ya Bluetooth hayaendi mbali humo. Akatingisha kichwa kwa huruma, akaendelea kupinda kijiti chake.

Juzi niliipata namba ya simu ya yule mama kupitia rafiki wa zamani wa kazini. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeandika ile programu ya kadi, na kwamba ilikosea kwa sababu yangu. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe kulikuwa na mtu," akasema. "Sisi tulikuwa tunailaumu kompyuta."

Nikamwomba msamaha. Akanipa, ila hakunificha kwamba mwezi ule binti yake alirudishwa nyumbani kwa karo. Jioni nilimtumia kiasi kwa M-PESA, kiasi ambacho hakifikii siku 14.

Fuko wawili wameshakamatwa. Yule wa chini ya mparachichi bado, na Gogo anasema huyo lazima amesoma chuo kikuu. Tuonane tena hapa wasomaji wangu, umeme ukipenda.